Unatengenezewa bunduki ya bolti? Chagua mtambo kwanza

NyikaKavu (mwanzisha uzi):

Habari za jioni wanajukwaa.

Kila msimu wa uwindaji ukikaribia maswali ni yale yale. Mtu ameshapata leseni ya kumiliki, ana fundi silaha anayetambulika kisheria, anataka bunduki ya bolti (ile unayoivuta na kuisukuma bolti kwa mkono kila baada ya risasi) itengenezwe kwa kipimo chake, halafu swali lake la kwanza linakuwa mtutu gani au darubini gani. Wakuu, mtutu ukichakaa unafungwa mwingine. Kitako kikipasuka kinachongwa kingine. Darubini unaifungua kwa bisibisi. Mtambo ndiyo bunduki yenyewe, na ndiyo maana namba ya silaha iliyo kwenye leseni yako imegongwa pale na si kwenye kitako. Pesa yako ya kwanza na akili yako ya kwanza iende huko.

Kwa wageni wa mambo haya: nikisema mtambo nina maana ya bodi ya chuma inayoshika mtutu, bolti inayotembea ndani yake, kucha inayovuta ganda, kitema ganda, na kufuli la usalama. Triga na magazini vinafungwa chini yake.

Nazungumzia bunduki ya kazi ya huku kwetu: mapori ya akiba ya Swagaswaga, Muhesi, Kizigo, Rungwa, vichaka vya Itigi ambako nyati unamwona akiwa mita 20 au 30 tu mbele yako. Bunduki inashinda kwenye pikapu, vumbi la kiangazi linaingia kila tundu, jua linaichoma mpaka chuma hakishikiki. Anayelenga karatasi kwenye uwanja wa shabaha ana mahitaji mengine, na ushauri wangu usimfunge.

Kabla ya jina la kiwanda, taja risasi. Mtambo una urefu, na urefu huo unaamuliwa na risasi nzima, ganda pamoja na kichwa chake. .308 Winchester ina milimita 71 hivi. .30-06 inafika 85. .375 H&H inafika 91, na .416 Rigby ni 95. Halafu kuna unene wa kitako cha ganda, kwa sababu uso wa bolti unachongwa kukipokea: takriban milimita 12 kwa .308, .30-06, 7x57 na 9.3x62; milimita 13.5 kwa .375 H&H, .300 Winchester Magnum na .458 Winchester Magnum; milimita 15 kwa .416 Rigby. Ukinunua mtambo mzuri ajabu wa .308 ukiwa na ndoto ya .375, umenunua kitu kingine kabisa.

Wengi humu wanataka .375 H&H, na wako sahihi. Ndiyo kaliba (kipenyo cha risasi) ya chini inayokubalika kwa wanyama hatari katika uwindaji wa hapa Tanzania, na bunduki hiyo hiyo inafaa kwa pofu na tandala. Risasi hii ilitolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912. Ganda lake limechongoka taratibu kuanzia chini mpaka shingoni, hivyo linateleza kuingia chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) hata pakiwa na vumbi, na linatoka bila kung'ang'ania. Kichwa cha gramu 19.4 kinatoka kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Kinatosha.

Sasa mtego uko hapa. Watu wanasikia sifa za Mauser 98, wanatafuta bodi ya zamani ya jeshi, wanampelekea fundi wanamwambia aweke .375. Magazini ya ile bodi ilipimwa kwa risasi ya jeshi la Ujerumani, ambayo haifiki hata milimita 83. Ili .375 ienee, fundi lazima akate chuma mbele na nyuma ya magazini. Kule mbele, pale risasi inapopandia kuingia chemba, chuma anachokikata ndicho kinachobeba jino la chini la bolti, moja ya meno yanayoifunga bolti kwenye bodi, wakati bunduki inalipuka. Zipo zilizotengenezwa hivyo zikadumu miaka mingi. Mimi sishauri. Kama unataka .375, tafuta mtambo uliozaliwa mrefu: Mauser ya magnum halisi, Brno ZKK 602, ndugu yake CZ 550 Magnum, au Winchester Model 70, ambayo .375 H&H ilikuwa miongoni mwa risasi zake tangu mwanzo kabisa, miaka ya 1930.

Jambo la pili, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni jinsi mtambo unavyoishika risasi. Kwenye Mauser ya 1898 kuna kucha ndefu ya chuma ubavuni mwa bolti. Risasi ikipanda tu kutoka magazini, ukingo wa ganda unajipenyeza chini ya kucha. Tangu hapo imeshikwa. Ukisita katikati, ukirudisha bolti nyuma, risasi inarudi nayo. Ukiigeuza bunduki kichwa chini, risasi haidondoki. Na ganda likikwama chembani kwa joto au uchafu, ile kucha pana inashika eneo kubwa la ukingo na kuling'oa.

Mitambo ya kusukuma, kama Remington 700, inafanya tofauti. Bolti inaisukuma risasi ikiwa huru mbele yake, na kucha ndogo inadaka ukingo pale tu unapofunga. Mkono ukitetemeka, ukasukuma nusu, ukarudisha, ukasukuma tena, risasi ya kwanza imebaki chembani na ya pili inakuja kuigonga matakoni. Bunduki imefunga, na nyati hakusubiri.

Karibuni tujadili.

Muhesi_Kwetu:

Mkuu NyikaKavu, uzi umeshiba, kongole. Lakini naona umeionea Remington 700. Ina shabaha kali, vipuri vyake viko kila kona ya dunia, na mafundi wengi wanaoijua wanaipenda. Kwa nini isiwe msingi mzuri?

NyikaKavu:

Ni msingi mzuri, kwa kazi yake. Ilianza kuuzwa mwaka 1962. Bodi yake ni ya mviringo, inakerezwa kutoka kwenye fimbo nene ya chuma, na umbo hilo linamrahisishia fundi kunyoosha kila kitu: uso wa bodi, uzi wa mtutu, meno ya bolti, vyote vikae kwenye mstari mmoja. Kichwa cha bolti kinazungukwa na chuma pande zote, ganda likipasuka unalindwa vizuri. Ndiyo maana viwanda vingi vinavyotengeneza mitambo ya kisasa ya shabaha vimefuata vipimo vyake, na triga au kitako cha mmoja kinaingia kwenye mwingine. Kwa swala, tandala, hata pofu kwa .300, sina neno.

Ninachokitilia shaka kwa nyati ni kile kikucha chake chembamba ndani ya uso wa bolti. Mafundi wengi hukitoa na kuweka kipana zaidi, nami ningefanya hivyo. Na yeyote aliye na Remington iliyotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014 aangalie triga yake: aina ya X-Mark Pro iliitwa kiwandani mwaka 2014 kwa sababu baadhi zingeweza kulipua bila kuguswa. Usinunue mtambo wa miaka hiyo bila kujua triga ilishabadilishwa au la.

MzeeWaRungwa:

Nimesoma kwa makini vijana wangu. Nimestaafu kazi ya kulinda wanyamapori, na maisha yangu ya kazi yalikuwa na bunduki begani, nyingi zikiwa za bolti.

NyikaKavu, unasema kweli kuhusu kucha, lakini umeiweka mbele mno. Askari aliyezoezwa kusukuma bolti mpaka mwisho kila mara, kwa nguvu, bila kuibembeleza, hataona tofauti kati ya mitambo hiyo miwili. Kilichonisumbua mimi kazini ni triga. Triga za kisasa zimefungwa ndani ya kiboksi, zina nafasi nyembamba kama unywele. Mtu anamimina mafuta, vumbi la Rungwa linaingia, vinachanganyika vinakuwa gundi. Unabana, hakuna kitu. Au unaachia, haijarudi mahali pake. Triga ya zamani ya Mauser ina vipande vichache vikubwa, viko wazi, unapuliza na kufuta kwa kitambaa, unaendelea na safari. Triga ya Winchester 70 za zamani ni hivyo hivyo.

Ya pili ni kufuli la usalama. Nataka lile linaloshika pini ya kupigia yenyewe, siyo linalozuia triga tu. Bunduki ikianguka kutoka kwenye gari, triga iliyozuiwa bado inaweza kuponyoka. Pini ikishikwa, imeshikwa. Mauser na Winchester 70 zinayo hayo, tena ya hatua tatu, ile ya katikati inakuruhusu kutoa risasi huku pini imefungwa.

Na kwa wanaozitafuta Brno 602 za zamani, nisikilizeni. Kufuli lake liko kinyume na bunduki nyingine: ukilisukuma mbele umefunga, ukilivuta nyuma ndiyo tayari kupiga. Mtu aliyezoea nyingine akiichukua kwa pupa atakuwa anadhani amefunga kumbe amefungua. Kama unatengenezewa upya, mwambie fundi aweke kufuli la hatua tatu. Lipo la kuagiza kwa ajili ya mtambo huo.

NyikaKavu:

Shikamoo mzee. Nashukuru sana. Kuhusu triga na kufuli nakubali moja kwa moja, na ningependa kila anayesoma uzi huu aanzie kwenye maneno yako. Kuhusu kucha nabaki na msimamo wangu, kwa sababu moja: wengi wetu humu hatukuzoezwa kama nyinyi. Raia anayekwenda porini mara chache kwa mwaka anahitaji mtambo unaosamehe mkono wake.

MzeeWaRungwa:

Marahaba. Hapo sawa. Lakini afanye mazoezi hata hivyo.

BintiKondoa:

Mimi nimepata kuonyeshwa CZ 550 Magnum iliyotumika, mwenye nayo ana leseni na yuko tayari kwenda polisi tufanye uhamisho. Mtutu umechakaa kwa kutu, ndiyo maana nafikiria kuchukua kwa ajili ya mtambo tu na kufunga mtutu mpya. Naangalia nini nisije nikauziwa chuma chakavu?

NyikaKavu:

Dada, swali zuri, na una bahati. Mtambo huo ni mrefu, una kucha ya Mauser, na magazini yake inabeba .375 tano. Juu ya bodi kuna reli zilizochongwa kwenye chuma chenyewe kwa ajili ya kushika darubini, kwa hiyo hakuna reli ya kufungwa kwa skrubu ikalegea kwa teke la bunduki.

Anza kwa kuhakikisha haina risasi: chemba na magazini, kwa macho na kwa kidole. Toa bolti nje. Angalia namba kwenye bolti na kwenye bodi kama zinalingana. Bolti iliyotoka kwenye bunduki nyingine inabadilisha nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda, na nafasi hiyo ikizidi ganda linaweza kukatika katikati. Kisha tazama nyuma ya meno mawili ya mbele ya bolti, pale yanapoegemea bodi. Yanatakiwa yang'ae yote mawili kwa kiasi kinacholingana. Kama moja linang'aa na lingine bado lina rangi ya kiwandani, jino moja ndilo linalobeba mzigo wote. Fundi anaweza kurekebisha kwa kusugua kidogo kidogo, ila bei ishuke.

Rudisha bolti, ifunge, kisha inyanyue taratibu. Ikinyanyuka laini halafu ikagoma kurudi nyuma mpaka uilazimishe, mashaka. Huenda meno yamejichimbia kishimo ndani ya bodi kwa sababu mtu alipiga risasi za baruti iliyozidi. Bodi yenye kishimo hicho usiichukue hata ukipewa.

Mwombe mwenye nayo afungue kitako. Kutu mbaya hujificha chini ya mstari wa mbao, ambako jasho na maji ya mvua hukaa. Kutu ya juu juu si tatizo. Vishimo virefu karibu na pete ya mbele inayoshika mtutu ni tatizo. Angalia pia nyuma ya jino la kupokea teke kama kuna ufa wa nywele. Mafuta mepesi ukiyapaka na kuyafuta, ufa utayarudisha juu kama mstari mweusi.

Mwisho, na hili lisirukwe: mpate fundi mwenye risasi bandia zisizo na baruti wala fataki. Jaza magazini. Zipitishe taratibu sana, halafu kwa kasi, halafu bunduki ikiwa imelala ubavu, halafu imegeuzwa juu chini. Kila moja iingie, itoke, itupwe mbali. Kitema ganda cha mtambo huu ni kipande kilichosimama, hakina springi ya kurusha, kwa hiyo ganda linakwenda kwa kadiri ya nguvu ya mkono wako. Ukivuta kwa uvivu litadondokea ndani. Huo si ubovu.

BintiKondoa:

Asante sana kaka. Nimeyaandika yote.

Sokoni_Majengo:

Mnatumia pesa nyingi bure. Kuna wazee vijijini wanatengeneza magobole tangu enzi na enzi. Mpe bodi, akufungie mtutu, kwisha.

FundiKerezo:

Ndugu yangu, hapana. Niko kwenye kazi ya kukereza vyuma na nimefanya kazi chini ya fundi silaha mwenye leseni, naomba nikueleze.

Gobole linalipua baruti nyeusi kwa shinikizo dogo. .375 H&H inafikia shinikizo la zaidi ya baa 4,000, sentimita chache kutoka shavuni mwako. Uzi wa mtutu usipokaa sawasawa, au chemba ikizidi kina kwa unene wa karatasi chache tu, ganda linapasuka na gesi inarudi nyuma. Kwenye Mauser 98 kuna matundu mawili kwenye bolti ya kutolea gesi hiyo pembeni, na ngao nyuma ya bolti inayoikinga isifike usoni. Kuna mitambo isiyo na hayo. Na kisheria, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu asiye na leseni kutengeneza wala kurekebisha silaha. Atakayeingia matatani ni wewe na mzee wa watu.

Kwa kuwa nimeshaingia, niongeze kuhusu bodi za zamani. Si kila Mauser ni 98. Zile za 1893, 1895 na 1896 hazina jino la tatu la akiba nyuma ya bolti, na springi ya pini inakazwa wakati wa kufunga badala ya kufungua. Usizipe risasi za nguvu. M48 ya Yugoslavia ni 98 lakini fupi kidogo, kwa hiyo vipuri vingi havilingani. Za Ujerumani za 1944 na 1945 zilitengenezwa kwa haraka ya vita, umaliziaji wake ni mbaya. Ukipata vz. 24 ya Brno, au ile ya Argentina ya 1909 iliyotengenezwa na kiwanda cha DWM cha Ujerumani, shika. Ya Argentina ina kifuniko cha magazini kinachofunguka chini, mafundi wanaipenda sana.

Pia bodi hizo ni za chuma laini kilichogandishwa ugumu juu tu. Fundi akichonga sana meno au sehemu yanapoegemea, anaondoa ngozi ngumu na kubaki na chuma laini kinachobonyea. Kwa hiyo kazi ya kulainisha iwe ya kiasi.

Enfield za 1914 na 1917 nazo ni ndefu na zina nguvu ya kubeba .375 na .416. Ila 1917 za kiwanda cha Eddystone mitutu yake ilikazwa kupita kiasi, na baadhi ya bodi hupata ufa wakati wa kuufungua. Zikaguliwe kwa vifaa kabla ya kulipia.

Sokoni_Majengo:

Nimekuelewa fundi. Nafuta kauli.

Hombolo_Juu:

Na hizi bolti za meno matatu? Nimeshika moja, inanyanyuka kidogo tu, tamu sana mkononi.

NyikaKavu:

Ya meno mawili hunyanyuliwa digrii 90, ya matatu digrii 60 hivi. Faida yake mkono haugongi darubini. Lakini springi ya pini ni ile ile na inakazwa kwenye mzunguko mfupi, kwa hiyo mnyanyuo ni mzito zaidi. Ijaribu ukiwa umeegesha bunduki begani, siyo mezani. Na utamu wa dukani usikuamulie. Mtambo uliobanana sana, unaoteleza kama kioo, ukipata mchanga wa Manyoni unasaga. Wa porini uwe na nafasi kidogo, na uutumie karibu mkavu, mafuta tone tu kwenye meno.

Mjukuu_Bahi:

Wakuu, mimi nina swali tofauti. Babu yangu alifariki ameacha bunduki ya bolti ya zamani, 9.3x62, ina maandishi ya Kijerumani. Iko polisi kwa sasa, tunashughulikia mirathi. Ndugu wanasema nibadilishe mtutu iwe .375. Mtambo wake unafaa?

NyikaKavu:

Pole kwa msiba, mkuu. Na mmefanya vyema kuipeleka polisi mapema.

Usiibadilishe. Risasi hiyo ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya wawindaji na walowezi wa makoloni ya Ujerumani Afrika, hapa kwetu pakiwemo, na ilipimwa makusudi ienee kwenye Mauser 98 ya kawaida bila kukata chuma chochote. Risasi, mtambo na kazi vimekaa pamoja tangu kiwandani. Ukiweka .375 utaukata pale pale nilipoonya juu, na uso wa bolti utapanuliwa. Utapoteza bunduki nzuri upate ya wasiwasi.

Kwa nyati haitakufaa kisheria, kwa sababu kipenyo chake kiko chini kidogo ya .375. Kwa pofu, tandala na nguruwe pori ni mashine kamili. Mirathi ikikamilika na leseni ikitoka kwa jina lako, mpelekee fundi aipime nafasi ya chemba na aangalie springi ya pini, maana springi za umri huo huchoka. Usipige hata risasi moja kabla ya hapo.

Mjukuu_Bahi:

Nimefarijika. Kuna alama ndogo ndogo juu ya pete ya mbele, naweza kuweka picha hapa?

FundiKerezo:

Weka picha ya pete ya mbele na ya ubavu wa kushoto wa bodi, nitakwambia ilitengenezwa wapi. Ila ziba namba ya silaha kabla hujapandisha, hiyo ni kati yako na polisi.